Bamvua la Saa Kumi: Hori la Mida ni la Nani Maji Yakijaa?

Kusini ya mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi, bahari imeingia bara na kutandaza hori la kilomita za mraba 32 hivi. Pembezoni ni mikoko, katikati ni mikondo, na maji yakitoka hubaki uwanda wa matope na mchanga usioonekana mwisho. Hilo ndilo hori la Mida. Limo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, zikiwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO ililitia eneo hilo katika orodha yake ya hifadhi za viumbehai duniani.

Hori lina wageni wa aina mbili, na wote wanakimbia baridi. Kuanzia Agosti na Septemba ndege wa ufukoni huteremka kutoka Siberia, Asia ya Kati na Ghuba. Kaskazi ikishavuma, huja Waitaliano, Waingereza, Wajerumani na Wakenya wa bara, na kayaki zao, mbao za kupigia kasia wima na kamera. Wote huanza kufungasha karibu na Pasaka. Kwa hiyo miezi ambayo ndege ni wengi ndiyo hiyo hiyo ambayo mashua ni nyingi.

Je, burudani za majini zipunguzwe Mida kwa ajili ya ndege? Swali hili nimelipeleka kwa watu watatu wa kubuni: nahodha kijana anayetembeza wageni, mtafiti wa ndege na mvuvi mzee. Hawana majina kwa sababu si watu halisi. Ni misimamo inayosikika kila hori hili linapojadiliwa, nami nimeivika sauti.

NAHODHA: Nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mshtakiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji tumepona kweli. Kayaki moja ikikodishwa, hapo amekula mwenye kayaki, amekula anayeipiga kasia, amekula mama anayekaanga sambusa za kaa kule Dabaso, na kijana wa bodaboda aliyemtoa mgeni stejini Gede. Lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko mpaka kwenye banda la kutazamia ndege halikujengwa kwa mapambo. Fedha za wageni, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya, zimekuwa zikisaidia karo za wanafunzi wa sekondari tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mzazi ambaye mwanawe amesomeshwa na mikoko hatamwachia mtu aje na shoka. Mkinifungia hori, mtakuwa mmewafungia pia walinzi wake.

MTAFITI: Kaka, hakuna aliyesema hori lifungwe. Ninachosema ni kwamba wewe unamwona ndege kama sehemu ya mandhari, na yeye yuko kazini. Chukua chamchanga mwenye mdomo uliopinda. Huzaa kwenye tundra ya Siberia, kisha huja kushinda hapa akidona vijidudu vya matopeni. Kuanzia Machi anapaswa kujaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila akirushwa anachoma akiba ile ile aliyoitafuta. Mwaka 2024 Orodha Nyekundu ya IUCN ilimpandisha daraja, kutoka aliyekaribia kuwa hatarini hadi aliye hatarini hasa. Anapungua, nasi ni kituo chake kimojawapo.

NAHODHA: Lakini dada, anayempunguza ni mimi na kasia langu? Huko njiani kuna fukwe zilizofukiwa kujenga bandari, kuna nyavu za kunasia ndege, kuna tundra inayopata joto. Kayaki haina injini, haina moshi, haimwagi mafuta.

MTAFITI: Ni kweli, huwezi kubebeshwa lawama ya dunia nzima. Lakini ukimya wa kayaki usikudanganye. Chombo kisicho na sauti humfikia ndege karibu zaidi kabla hajashtuka, na huingia kwenye maji haba ambako mashua ya injini haithubutu. Hebu tazama fungu la mchanga maji yanapojaa. Ndege wamesimama mguu mmoja, midomo wameificha mgongoni. Kayaki inatokea. Kwanza wale wa ukingoni wanainua vichwa, kisha wanaanza kutembea polepole, wote upande mmoja, kama watu waliokumbuka shughuli. Mgeni bado anadhani hajamsumbua mtu, kumbe saa ya kugeuza ilikuwa pale walipoinua vichwa. Akipiga kasia mara mbili zaidi fungu zima linaruka. Hapo kamera zinalia, na mgeni anakuongezea bahashishi.

NAHODHA: Hapo umenipata. Wapo wanaowarusha makusudi ili picha itoke. Si wote, lakini wapo.

MTAFITI: Na katika wanaoruka yumo ndege ambaye hana wa kufanana naye duniani, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu wanamwita *Dromas ardeola*, na ukoo wake mzima ni yeye peke yake. Huzaa kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia. Huchimba shimo, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kinda akishaweza kuruka husafiri na wakubwa wake hadi huku, na bado analishwa. Utamwona kijana wa kijivu akimfuata mzazi matopeni akilia aombe, na mzazi akimpa kaa. Yai ni moja kwa mwaka. Ukimnyima huyo kinda chakula, hana ndugu wa kujaza nafasi yake.

MVUVI: Mmemaliza? Nawasikiliza mnavyogawana, huyu anampa mgeni, huyu anampa ndege. Mimi nimezaliwa hapa na bado sijasikia fungu langu. Mpaka wa hifadhi ulipochorwa mwaka 1968, waliotangulia kuambiwa wasogee walikuwa wavuvi. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuvua, lakini mgeni anaruhusiwa kuogelea na kupiga picha samaki wale wale. Katika hori twaruhusiwa kuvua kwa zana za asili, na twashukuru. Juya likapigwa marufuku, tukaliacha, tena kwa haki kwa sababu lilikuwa likizoa mpaka watoto wa samaki. Sasa mwazungumza kupunguza shughuli. Nyinyi hamjui, lakini mimi najua neno hilo humwangukia nani. Humwangukia mama anayechimba chambo matopeni, kwa sababu hana ofisi wala mtandao, na hajui kumwandikia mbunge barua.

MTAFITI: Mzee, wachimba chambo nao husumbua ndege. Maji yakitoka wanakuwa pale pale wanapolisha.

MVUVI: Husumbua, sikatai. Lakini bahari ikitoka uwanda ni mpana. Mama akichimba hapa, ndege atasogea kule na kuendelea kula. Mimi pia hukutana nao ninapotafuta kaa koko. Waona shimo lenye tope bichi mlangoni, basi mwenyewe yumo. Waingiza fimbo yenye kulabu, wamsikia anavyoigonga, wamvuta taratibu usije ukamvunja gando, kwani kaa asiye na gando hana bei. Wakati wote huo ndege wako karibu nami, nao wanatafuta kaa wadogo. Ninapoinama na kuinuka pale pale, wananizoea. Hawaruki mpaka aje mbwa wa mtu anayekimbia mazoezi. Sasa nikuulize wewe uliyesoma: maji yakijaa ndege huenda wapi?

MTAFITI: Hukusanyika kwenye mafungu machache ya mchanga yasiyozama, na ufukoni. Sululu na wengine kadhaa hupanda juu ya mikoko.

MVUVI: Na bamvua likijaa?

MTAFITI: Mafungu yanabaki madogo sana. Mengine yanazama.

MVUVI: Na bamvua hujaa saa ngapi?

NAHODHA: Saa kumi. Saa kumi, kumi na moja jioni.

MVUVI: Basi hapo ndipo penye ugomvi wenu, na mmeupita mkiwa na darubini. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana alfajiri na jioni, na hutoka sana asubuhi kati ya saa nne na saa tano. Maji mafu ni kinyume, bahari haijai sana wala haitoki sana, na jioni huikuta imepwa. Pwani yetu haibadilishi. Sasa huyu kijana safari yake ya machweo huondoka saa ngapi? Saa kumi na nusu. Maji yamejaa pomoni, fungu limebaki kipande, ndege wote wa hori wamebanana juu yake, na hapo ndipo anapowaletea wageni wenye vinywaji. Siku nyingine zote ndege ana pa kwenda. Siku hiyo hana.

MTAFITI: Mzee amesema kwa maneno machache yale tunayoyaandika kwa kurasa nyingi. Ndege anayesumbuliwa wakati maji yametoka hupoteza dakika chache za kula. Anayerushwa bamvua limejaa huzunguka hewani bila mahali pa kutua, na akitua huenda akarushwa tena. Basi nashauri hivi: kuanzia Septemba hadi mwisho wa Aprili, siku za bamvua, mashua zisikaribie mafungu ya mapumziko kwa mita 200, kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka saa mbili baadaye.

NAHODHA: Msimu mzima? Krismasi imo humo, Pasaka imo humo. Na jioni ya bamvua ndiyo jioni ya biashara, maana ndipo mikondo ya mikokoni inapitika. Maji mafu nikimpeleka mgeni huko, tutashuka wote tuisukume kayaki kwenye tope. Mimi nahitaji maji yale yale anayoyakimbia ndege.

MTAFITI: Unahitaji maji. Fungu je, unalihitaji?

NAHODHA: Fungu ni mahali pa kusimama mgeni anywe kitu chake jua likizama.

MTAFITI: Basi hapo pana nafasi ya kusikizana. Maji yakijaa, ndege wengi wako wazi mchangani, nawe waweza kuwa ndani, kwenye vivuli vya mkoko, mchu na muia. Huko kuna mdiria, kuna kaa wanaopanda mashina, kuna mizizi ya kumweleza mgeni mpaka achoke kuuliza. Ni safari bora kuliko kumwonyesha ndege wakikimbia.

NAHODHA: Na sululu wako waliopanda mikoko? Usije ukaniambia leo nenda mikokoni, kesho ukaja na orodha nyingine.

MTAFITI: Swali la haki. Sululu hupendelea miti fulani ya ukingoni, na miti hiyo inajulikana. Tuchague mikondo miwili au mitatu ya kupita, iliyosalia ipumzike. Orodha iandikwe mara moja, tena nanyi mkiwapo.

NAHODHA: Mimi nikikubali, jirani yangu hatakubali. Mgeni atakayesikia kwangu hapana atavuka ufuko na kupata ndiyo, tena kwa bei ya chini. Mwenye kufuata sheria atakufa njaa akiwa na cheti ukutani.

MTAFITI: Hilo si la Mida peke yake. Kule Devon, Uingereza, mto Exe unapoingia baharini pana hori linalofanana na hili kwa tabia. Kuna wanaoteleza kwa tiara, wavuvi, wenye mbwa, na bata bukini wanaokuja kula nyasi za bahari. Mwaka 2018 zilitengwa sehemu mbili za utulivu. Moja ni ya mwaka mzima, nyingine ni kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Desemba tu, ndege wanapoihitaji zaidi. Sehemu iliyobaki ya hori iko wazi. Mpango ni wa hiari, lakini kuna maboya ya kuonyesha mpaka na kuna watu wa doria wanaozungumza na waendao majini.

MVUVI: Uingereza wana maboya, sisi tuna mwezi. Kila mvuvi hapa anajua bamvua bila kuandikiwa. Lakini hiari peke yake siiamini. Sisi wavuvi tuna vikundi vya usimamizi wa ufuo (BMU), tuna kanuni tangu 2007, na anayevua kwa zana mbaya tunajua nyumba yake. Waongozaji nao wawe na chombo kama hicho chenye meno, na wenye hoteli waketi humo. Anayemtuma kijana kwenye fungu ni mwenye hoteli aliyekwisha kumuuzia mgeni picha ya machweo.

NAHODHA: Ahsante mzee. Hilo la hoteli nilikuwa naogopa kulisema.

MVUVI: Na jingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Fungu lile, lile tope, ule mchanga, ni vyetu sote. Kwa hiyo tukisema ndege waachiwe fungu siku za bamvua, tunaotoa ni sisi wananchi, kwa hiari yetu. Asije mtu kesho akaweka ukuta na bango akidai analinda ndege.

MTAFITI: Nakubali. Na mdomoni mwa hori, kile kisiwa cha mawe wanachokiita cha nyangumi kina kalenda yake. Buabua hutaga pale wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, wageni wakiwa wachache. Wakati huo mtu akitua na chakula chake cha mchana, mayai yanaachwa juani. Lakini kaskazi ikija, hakuna kiota cha kuvunja pale. Ratiba ya ndege haifanani kila mahali, na ndiyo sababu amri moja ya jumla haitafaa.

NAHODHA: Sasa mwaanza kunielewa. Amri ya jumla ndiyo inayotuua. Niambie siku, niambie saa, niambie fungu, nami nitapanga safari zangu.

Hapa nawanyamazisha ili niseme langu.

Mabishano ya utalii na hifadhi pwani huendeshwa kana kwamba tunagawana shamba: huku watu, huku wanyama, katikati ua. Hori haligawiki hivyo, kwa sababu mara mbili kwa siku linabadilika umbo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4 wakati wa bamvua. Mahali palipokuwa uwanda wa kutosha kila kiumbe saa nne asubuhi, saa kumi jioni ni kipande cha mchanga. Anayeuliza tuwape ndege eneo gani ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni saa, na saa hiyo inajulikana mwaka mzima kabla, kwa kuwa jedwali la maji huchapishwa mapema.

Nahodha ana hoja ambayo wahifadhi hawapaswi kuipuuza. Mahali ambapo wenyeji hawapati kitu kutokana na mikoko, mikoko hukosa wa kuisemea. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, upande wa kusini wa hori, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kijijini mwao, na walichotaja ni uvuvi, utalii na mazingira yao. Maisha yao yanategemea hori, na kwa hiyo walikuwa na cha kutetea. Kuwaondoa watu majini kwa jina la ndege kungemwondolea ndege watetezi wake.

Hata hivyo, hoja hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufanya chochote saa yoyote. Kinachouzwa Mida ni uhai wa Mida. Picha ya ndege elfu wakiruka kutoka kwenye fungu inauzika leo, na kila inapopigwa inawafukuza wale wale watakaotafutwa na mgeni wa mwaka kesho. Nahodha anayewarusha anakula mtaji wake. Lakini si haki kumwachia yeye peke yake mzigo wa kukataa fedha huku mshindani wake akizichukua.

Kwa hiyo mimi nasimama na mzee, na namwongezea zile mita 200 za mtafiti. Hori libaki wazi mwaka mzima kwa kasia, kwa nyavu halali na kwa miguu. Kuanzia Septemba hadi Aprili, siku chache za bamvua katika kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo, mafungu ya mapumziko yaachwe bila mtu wala chombo saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Safari za jioni za siku hizo ziende mikokoni, kwenye mikondo iliyokubaliwa. Kisiwa cha mdomoni kiachwe wakati wa kusi. Mbwa wafungwe siku hizo hizo.

Utekelezaji uanzie juu kushuka chini. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina mamlaka, BMU zina macho, na hoteli zina fedha. Adhabu ya kwanza impate mwenye kutangaza safari ya fungu siku ya bamvua, kisha mwenye chombo. Wachimba chambo wahusishwe katika kupanga, na wasiguswe kabla ya hao wawili. Utaratibu ukianza kwa kumtimua mama mwenye ndoo na kumwacha mgeni mwenye glasi, utakuwa umerudia dhuluma ya zamani, na hakuna kijiji kitakachoulinda.

Ndege watarudi Septemba, wakiwa na ratiba yao isiyojadiliwa. Wenye mashua, wavuvi na maofisa wana miezi ya kusi, biashara ikiwa imelala, ya kuketi na jedwali la maji na kutia alama siku za bamvua moja baada ya nyingine. Ni kazi ya alasiri chache. Anayesema haiwezekani aseme wazi ni nani atakayepoteza, na kiasi gani, kisha tumjadili huyo.